Jina la Mama Makaburini

Mama alitutoka mwezi wa nane, na matanga yalipokwisha baba hakulitaja tena jina lake. Akilazimika kumsema, alisema "mwenzangu", halafu anageuza mazungumzo. Sisi watoto tukafuata mkondo huohuo.

Pasaka ilipokaribia nikapanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu. Kwetu Wamoravian wa Rungwe, waumini wa Kanisa la Moravian, ibada ya ufufuo huanzia makaburini, alfajiri, kungali giza. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari waliofika Unyakyusa mwaka 1891 wakaja nayo. Utotoni nilichokumbuka zaidi ni baridi na matope. Masika ya Tukuyu, ayajuaye anayajua.

Safari hii tulikuwa na kaburi letu. Mvua ilikuwa imebomoa tuta upande wa miguuni. Baba, na koti lake la Jumapili, akachuchumaa akawa anarudishia udongo kwa viganja.

"Bwana amefufuka!" mchungaji akatangaza.

"Amefufuka kweli kweli!" Niliitika kwa mazoea tu.

Akasoma Yohana 20: Mariamu Magdalena analia kaburini, anamdhania Yesu kuwa mtunza bustani, mpaka anaposikia akiitwa kwa jina. Kisha akaanza kuwataja waliolala tangu Pasaka iliyopita. Alikuwa mgeni, katokea Tabora, na majina ya Kinyakyusa yalikuwa yakimpiga chenga. La mama aliliharibu kabisa.

"Siyo hivyo, mchungaji."

Ni baba. Alisimama, matope mikononi, akalitamka lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwitia mama kutoka shambani. Watu wakageuka. Mdogo wangu akanikaza mkono hadi kucha zikaniingia.

Mahubiri ya Pasaka nimeyasikia mengi, na mengine matamu. Lakini Mariamu wa Yohana aliniingia pale. Kama Bwana anawaita walio wake kwa majina, basi mama hajapotea; amelala, ataitwa. Na baba, kumbe miezi yote ile alikuwa anampenda kimyakimya, anaogopa kulia mbele yetu.

Njiani kurudi alifunguka. Akatusimulia walivyokutana sokoni Kiwira: mama alimuuzia mkungu wa ndizi kwa bei ya kuruka, na wiki iliyofuata baba akarudi kununua mwingine, ilhali kwao ndizi zilikuwa zinaozea shambani. Tulicheka mpaka jirani mmoja akauliza kama kweli tunatoka makaburini.