Mossberg 500 kuwa bulpapu: hatimaye kifyatulio kimeacha kukwama

Baada ya majuma matatu ya kuifungua na kuifunga upya katika karakana yangu hapa Texas, jana jioni niliikoki na kuifyatua Mossberg 500 yangu, shotgun ya kukoki kwa mkono niliyoigeuza kuwa bulpapu (yaani bunduki fupi ambayo kifyatulio chake kiko mbele na mitambo yake iko nyuma, karibu na bega), mara 50 mfululizo kwa risasi bandia, na kifyatulio kilirudi mahali pake kila mara.

Tatizo lilikuwa ule ufito wa chuma unaounganisha kifyatulio kipya cha mbele na kile cha asili kilichobaki nyuma, ndani ya gamba la plastiki. Kila nilipokoki kwa nguvu, kama mtu anavyokoki akiwa na haraka, kifyatulio cha mbele kilibaki nusu safari na bunduki ikakataa kulia. Nililaumu springi, nikaibadilisha bure. Nilipolegeza skrubu za gamba ndipo hitilafu ilipotoweka, na nilipouchomoa ufito na kuumulika kwa tochi nikaona alama inayong'aa, isiyozidi urefu wa punje ya mchele, mahali ulipokuwa ukisuguana na ukingo wa plastiki. Niliukwangua ukingo huo kwa tupa laini, taratibu, nikijaribu kila baada ya mikwaruzo michache. Kwa kazi ya namna hii sitaki tena kuona mashine ya kusagia, kwa sababu plastiki ikishaondoka hairudi, na bisibisi yenye kipimo cha kukaza naihesabu kuwa ya lazima, maana gamba likibanwa kupita kiasi ufito hukwama upya.

Faida ninaiona kila ninapopita mlangoni, kwani urefu umeshuka kutoka inchi 39 hadi 28 bila kuugusa mtutu wa inchi 18.5, hivyo bado nimo ndani ya sheria ya shirikisho ya Marekani inayodai mtutu usiopungua inchi 18 na urefu wote usiopungua 26. Hata hivyo, kifyatulio kimekuwa kizito na chenye ulegevu, mlango wa kujazia risasi umejificha karibu na kwapa, na maganda ya risasi hutokea upande wa kulia, sentimita chache tu kutoka shavuni, jambo linalomnyima kabisa mke wangu, ambaye ni wa mkono wa kushoto, nafasi ya kuitumia.

Linalonisumbua zaidi ni kitufe cha usalama, ambacho kwenye Mossberg hukaa juu, nyuma ya mwili wa bunduki, na sasa kimeangukia chini ya shavu, mahali ambapo siwezi kukifikia bila kuondoa mkono kwenye mshikio. Nilikuwa nimepanga kufunga darubini juma hili, lakini nimeiacha kwenye boksi lake. Mossberg 500 ya bulpapu iliyouzwa na kampuni yenyewe katika miaka ya 1980 ilikuwa na kizuizi kilichojengwa ndani ya mshikio, ambacho kiganja hukibonyeza kabla ya bunduki kukubali kulia, nami tangu jana usiku nimekuwa nikichora mshikio wa aina hiyo kwenye kadibodi.