Kijiti cha Floraidi na Meno ya Babu

Tangu Jumatano neno la mzee mmoja wa kule chini ya Mlima Meru limenikaa rohoni. Nilikuwa nimechanganya maji ya kisima chake nusu kwa nusu na bafa, kimiminika kinachotuliza tindikali ya maji, katika kikombe cha plastiki, elektrodi, yaani kijiti cha kupimia, imo ndani, milivoti zikishuka polepole, naye akaniuliza, "Kijana wangu, hicho kijiti kinakuambia nini?" Nikamjibu, "Kiasi cha floraidi, babu." Akacheka, meno yake ya kahawia yenye vishimo yakaonekana yote. "Haya yalishasema kabla hujazaliwa." Nikanyamaza, maana floraidi ikizidi majini ndiyo huyaharibu meno hivyo.

Wiki hii tumefanya sendofu ya Rehema na mkuu wetu amehamishiwa Dodoma, lakini usiku mimi humjibu babu tu. Humweleza kwamba ile fuwele iliyo kwenye ncha ya kijiti, ya lanthanamu floraidi iliyotiwa yuropiamu kidogo, waliyoitangaza Frant na Ross mwaka 1966, hupitisha ayoni (chembe zenye chaji) za floraidi na kuzikataa karibu nyingine zote isipokuwa hidroksidi, ndiyo maana bafa hushikilia pH, kipimo cha tindikali, kwenye 5 na ushei, kwani tindikali ikizidi, floraidi hushikana na haidrojeni na elektrodi haiioni tena. Humweleza pia kwamba alumini na chuma huificha, hadi dawa iliyomo kwenye bafa iifungue. Kila nikimaliza, namwona anacheka vilevile.

Jana nilipima miyeyusho sanifu, ile ambayo floraidi yake inajulikana, mteremko ukatoka milivoti 58 kwa kila ukolezi unapozidi mara kumi (nadharia hudai 59 kwenye nyuzi 25, kwa hiyo elektrodi yangu bado ni nzima), ndipo nikaona kwamba meno ya babu na kijiti changu havisemi jambo moja. Meno husimulia maji aliyokunywa mtu utotoni, hadi miaka minane hivi, enameli, gamba gumu la jino, ilipokuwa ikijengwa, na yakishasema hayabadiliki. Kijiti husema maji ya leo, kwa dakika chache tu. Chemchemi iliyo juu kidogo ya kisima chake ilisoma chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ilhali kisima kilizidi hapo mara nne, na kwa macho au kwa ulimi usingeyatofautisha maji hayo. Mjukuu wake, aliyekuwa ameshika dumu siku ile, hajang'oa hata jino moja la utotoni, kwa hiyo meno yake ya ukubwani bado yanajengwa. Hayo nitamwambia babu Jumanne.

Iwapo tutafika, kwa kuwa tairi la akiba la gari la ofisi limepasuka tangu mwezi uliopita, hakuna aliyeidhinisha jipya, na mvua imeshaanza kuila ile barabara ya juu.