Kituo cha lugha bila wanafunzi ni stoo tu
Nimekaa zamu kwenye kituo cha kujisomea lugha mwaka mzima, rafu zimejaa vitabu, kompyuta zipo, ila watu hawaji, mpaka siku tulipoachiwa wanafunzi wenyewe tupange. Makamusi mazito tukayasogeza nyuma, tukaweka meza ya maongezi, na kila kitabu tukakibandika kikaratasi cha mtu aliyekitumia, anasema kimemsaidia wapi na kimemchosha wapi. Hapo ndo wakaanza kujaa! Henri Holec, mtaalamu wa ujifunzaji lugha wa kule Nancy, Ufaransa, alishasema tangu 1981 kwamba kujitegemea ni kuweza kusimamia kujifunza kwako mwenyewe, sasa utasimamiaje kama hata saa za kufungua unapangiwa? Ila mwalimu asiende mbali jamani, maana kwenye matamshi tulikuwa tunapotoshana vibaya mno 😂