Siku yangu na majani makubwa ya kando ya bwawa

Saa kumi na moja alfajiri, Uyole. Navaa gambuti, nawasha pampu, namwagilia viriba vyote kabla jua halijachomoza. Oktoba hii mchana jua ni kali, lakini alfajiri ya Mbeya vidole bado vinakufa ganzi.

Kitalu changu ni cha mimea ya majani makubwa ya kupandwa kando ya mabwawa ya bustani: masikio ya tembo, migomba ya maua, gunera. Wapita njia wanayaita magimbi na kuniuliza fungu ni bei gani. Wengi wanadhani kazi ni kushika mpira wa maji tu.

Saa moja nagawa shina mama la gunera. Kisu kisafi, kila kipande kibaki na chipukizi na mizizi yake, kidonda nakipaka majivu. Miche yangu yote inatoka kwenye shina la kitaluni. Porini sichimbi. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na chikanda, vile viazi vya okidi vinavyoliwa, zimeshachimbwa vya kutosha. Kwa masikio ya tembo navaa glavu, maana utomvu wake una vichembe vyenye umbo la sindano; unawasha ngozi, na mtoto akitafuna jani bichi mdomo na koo vinaungua. Hilo namwambia kila mteja kabla hajalipa.

Saa nne kirikuu kimechelewa. Saa tano ndiyo tunafika Isyesye kwa mzee mmoja mstaafu. Shikamoo, marahaba, kisha simu ikatolewa.

"Binti, mimi nataka hii." Picha ya bustani ya Uingereza, mtu mzima kasimama chini ya jani.

"Mzee, hiyo ni gunera kubwa inayoitwa ya Brazili, jani lake huweza kupita mita 2. Hii yangu ni ndugu yake wa Afrika, anaota kando ya vijito kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Jani lake mara nyingi halifiki nusu mita. Ukitaka jani la kukufunika, tuweke mgomba wa maua pale juu, pasipotuama maji."

Nilishamweleza kwenye simu. Nikaeleza tena, naye akanuna. Akataka basi gunera ipandwe humo humo majini. Nikakataa. Masikio ya tembo yanavumilia kusimama kwenye maji ya kina kifupi, lakini gunera ikizamishwa kichwa cha shina huoza. "Basi iweke pembeni, udongo si una maji?" Hauna! Bwawa lake ni la saruji, halivuji, na udongo wa ukingoni ulikuwa mkavu kiasi kwamba jembe lilirudi juu. Hapa ndipo bustani nyingi za mabwawa zinapofia, na lawama anabebeshwa muuza miche.

Basi nikachimba. Shimo pana, chini natandika nailoni niliyoitoboa matundu machache ili maji yakae bila kutuama, juu udongo na samadi iliyooza vizuri. Toroli baada ya toroli, na mzee kwenye kiti akihesabu viriba na kuuliza kwa nini siweki urea. Nikamwonyesha mahali jani linapoungana na shina: humo ndani wanaishi bakteria waitwao Nostoki, wanaoipa gunera naitrojeni kutoka hewani. Hapo alinyamaza, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha nikakata majani mawili makubwa ya nje ili mche usipoteze maji, ugomvi ukaanza upya. "Nimenunua majani, wewe unayakata!"

Upepo wa jioni ulipoanza nilikuwa bado nasambaza matandazo ya nyasi. Mgongo, magoti, kila kitu kinauma. Kalipa nusu, nusu nyingine, anasema, hadi jani jipya litoke. Nimekubali, kwa sababu najua litatoka.

Usiku napigiwa. "Binti, majani yamelala!"

"Yamehamishwa leo, mzee. Mwagilia asubuhi na jioni mpaka mvua zianze. Yakiwa bado yamelala keshokutwa, nakuja."