Muulize Kwanza kwa Nini

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Rafi bin Amr, wa kabila la Ghifari, alikuwa bado mvulana alipokuwa akiitupia mawe mitende ya Maansari, wenyeji wa Madina, ili tende zianguke. Wenyewe wakamkamata, wakampeleka kwa Mtume (S.A.W.). Kosa liko wazi, wenye mali wamesimama pale na hasira zao. Mtume akamuuliza: kwa nini unaitupia mawe mitende yao? Mtoto akajibu: njaa. Akaambiwa asitupe mawe, ale zilizoanguka chini, kisha akaombewa dua Mwenyezi Mungu amshibishe. Katika mapokezi ya Abu Dawud imo pia kwamba Mtume alimpangusa kichwa.

Hadithi hii tumezoea kuisikia pale masheikh wanapozungumzia matunda ya watu: nani anaruhusiwa kula, na kwa sharti gani. Ni mahali pake. Lakini mimi naona malezi yake yamo kwenye lile swali. Limetangulia hukumu. Mtoto kapewa nafasi ya kusema, alichosema kikasikilizwa, na katazo likaja na njia ya halali ya kutatua jambo lile lile lililomsukuma. Alipoondoka pale alijua asichopaswa kufanya, na alijua pia kwamba mkubwa aliyemkataza ameijua njaa yake.

Wapemba hadithi hii iko mlangoni kwetu. Msimu wa karafuu ukiingia, watoto huenda kuokota mpeta, zile karafuu zinazoanguka chini ya mikarafuu. Ni za nani? Mwenye shamba mmoja huwaachia watoto na wajane waokote, mwengine hataki kuona mguu wa mtu mpaka wachumaji wake wamalize. Sasa mtoto wa miaka minane karudi nyumbani na kikapu. Yupo mzazi atakayefurahi na kuzianika bila neno, na yupo atakayekamata fimbo kwa kuhofia maneno ya jirani. Wote wawili wamempotezea mtoto darasa. Angeulizwa: hizi umezikuta chini au umevuta tagaa? Mwenyewe anajua? Na lau mkarafuu ungekuwa wa babu yako, ungetaka aulizwe au asiulizwe? Mtoto wa miaka minane anaweza kuyajibu haya, na mara nyingi hujihukumu kwa ukali kuliko ambavyo ungemhukumu wewe.

Mwaka 1932 mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alitoa kitabu juu ya namna watoto wanavyopima jema na baya. Alikuwa akiwasimulia visa viwili. Mtoto wa kwanza kaitwa kula, akasukuma mlango bila kujua kwamba nyuma yake pana vikombe 15, vyote vikavunjika. Wa pili, mama yake hayupo, kapanda juu ya kiti kuiba jamu kabatini, akaangusha kikombe kimoja. Nani mwenye kosa kubwa? Wengi katika wadogo walimtaja yule wa vikombe 15. Kadiri umri ulivyopanda ndivyo walivyoanza kuuliza alikusudia nini. Waliokuja baada yake walionesha kwamba hata wadogo huitambua nia wakisimuliwa kwa njia nyepesi, kwa hivyo mipaka ya umri aliyoiweka isichukuliwe kama sharia.

Sisi jambo hili tumelisomeshwa kabla ya Piaget. "Hakika matendo huzingatiwa kwa nia" ndiyo hadithi ya kwanza katika zile Arubaini za Imam Nawawi, na watoto wetu wanaihifadhi chuoni, yaani madrasa, kwa Kiarabu na tafsiri yake. Kisha wanarudi nyumbani. Aliyevunja sahani akimsaidia mama yake kuosha vyombo anakula kofi. Aliyechota sukari kwa siri, asimwage hata chembe, anaambiwa mtoto mtulivu. Basi mtoto kipimo chetu anakiona, nacho ni hasara ya vyombo. Tunamfunga kwenye hesabu ya vikombe ilhali akili yake ishaanza kuitafuta nia.

Silaumu kuhifadhi. Nawasikia wanaodharau vyuo vyetu kwa kuwa watoto "wanakariri tu", na huwa najiuliza kama wao walikumbuka chochote ambacho hawakukikariri. Ila kilichohifadhiwa kinahitaji kufunguliwa. Chukueni Suratul Maun. Mtoto anaijua kabla hajajua kufunga vifungo vya kanzu yake vizuri. Ndani yake yumo anayemsukuma yatima, na wamo wanaosali huku wanazuia vitu vidogo vidogo vya kusaidiana. Mwalimu akishaisomesha, si amuulize: jirani kaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, nayo iko jikoni, na mama kasema "mwambie imeazimwa". Katika sura hii sisi ni nani? Darasa zima litacheka kwanza. Halafu watabishana. Waacheni wabishane! Piaget huyo huyo aliwatazama watoto wakicheza gololi, akaona kwamba wanapozozana juu ya kanuni za mchezo wao na kuafikiana, wanajifunza haki kwa namna ambayo amri ya mkubwa haiwezi kuwapa. Kwa hivyo hata pale barazani, wakigombania nani katolewa kwenye mchezo wa nage, msikimbilie kuamua kila mara.

Najua pingamizi. Mtoto akizoeshwa kuuliza kwa nini, atatupanda kichwani. Adabu yetu Wazanzibari ni mtoto kusema labeka na kunyamaza. Adabu naipenda, na labeka isipotee. Lakini tazameni Mtume (S.A.W.) alivyofanya na kijana aliyemjia mbele za watu akaomba ruhusa ya kuzini. Hakuna swali la utovu wa adabu kuliko hilo. Watu walimkemea. Mtume akamwita karibu, akamwambia: je, ungelipenda kwa mama yako? Akasema hapana, Wallahi. Basi na watu hawalipendi kwa mama zao. Akaendelea hivyo kwa binti, kwa dada, kwa shangazi na kwa mama mdogo, na kila mara kijana anajibu mwenyewe. Imam Ahmad kaipokea kutoka kwa Abu Umama. Kijana hakunyamazishwa, alifikishwa mahali pa kuliona jambo kwa macho ya waliodhulumiwa, kisha akawekewa mkono na kuombewa dua. Angefukuzwa, angeondoka na hamu yake ile ile, na aibu juu yake.

Na ile hadithi ya sala, ambayo ndiyo inayotajwa haraka kila bakora inaponyanyuliwa? Tuisome yote. Waamrisheni wakiwa na miaka saba, na wapigeni kwa kuiacha wakiwa na kumi. Baina ya saba na kumi pana miaka mitatu, na kila siku ina sala tano. Hizo ni zaidi ya mara 5,000 za kuita, kueleza, kushika mkono na kwenda pamoja msikitini. Na hata hapo wanavyuoni wakaweka masharti: kusiumize, kusiguse uso, kusiwe kwa hasira. Mwenye kuanza na fimbo siku ya kwanza asijifiche nyuma ya hadithi hii.

Nabii Ibrahim (A.S.) alipewa amri isiyo na mjadala, na bado alimwambia mwanawe: "basi tazama, waonaje?" Imo katika Surat As-Saffat, aya ya 102. Jibu la mwana ndilo tunalolikumbuka, "ewe baba yangu, fanya unayoamrishwa", nalo tunawasomea watoto kama mfano wa utiifu. Tunaliruka swali la baba. Utiifu ule ulitoka kwa mtoto aliyeshirikishwa.

Hata Luqman, ambaye hakuna khutba ya malezi isiyomtaja, hakumwachia mwanawe amri tupu pale alipomkataza shirki: akamwambia ni dhulma kubwa. Alipomwambia ainamishe sauti, akamtajia sauti ya punda. Sababu hiyo ni fupi na inachekesha, na mtoto yeyote wa Mji Mkongwe aliyewahi kulala karibu na banda la punda wa gari anaielewa bila kufafanuliwa. Wazazi tunaopigia watoto kelele ili wapunguze kelele tuisome aya hiyo ya 19 ya Surat Luqman kwa utulivu.

Wiki hii, linapotokea kosa nyumbani, jaribuni kutanguliza swali, na swali liwe la kweli. Mtoto anaijua tofauti ya "kwa nini umefanya hivi?" ya kutaka kujua na ile ya kumsogeza karibu na kofi. Akijibu, msimkatize. Huenda jibu likawa la uongo. Hilo nalo lizungumzwe. Abdullah bin Amir anasimulia kwamba mama yake alimwita akiwa mdogo, "njoo nikupe", na Mtume yupo nyumbani kwao. Akamuuliza mama: umekusudia kumpa nini? Akasema tende. Akaambiwa lau asingempa kitu, ungeandikwa uongo juu yake. Aliyeulizwa pale ni mzazi, na mtoto anasikiliza. Basi mtoto wako akikuuliza kwa nini ulimwambia mtu kwenye simu kwamba uko njiani ilhali hujatoka kitandani, mjibu.