Punje 36 tu
Jana nimekesha nasoma habari za vumbi. Ndiyo, vumbi! Chombo cha anga Cassini kilipokuwa kikizunguka sayari ya Zohali, kipima vumbi chake kilinasa mamilioni ya punje, nyingi zikiwa barafu iliyorushwa na mwezi Enceladus. Humo wanasayansi wakachambua 36 zilizotoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu. Walizijuaje? Mbio zake: zaidi ya kilomita 72,000 kwa saa, tena zote zikitokea upande mmoja. Punje ikigonga bamba la kifaa inageuka wingu la chembe zenye chaji ya umeme, ndipo wanasoma imeundwa na nini: magnesiamu, silikoni, chuma, kalsiamu. Chombo kingine cha anga, Ulysses, kiliwahi kulinasa vumbi hilo miaka ya 1990, ila hakikuweza kusema limeundwa na nini. Nami hapa nafuta miwani, nashindwa kujua hata hili limetoka wapi 😅