Nyasi iliyoota upya kila nilipofyeka, hapa Tucson

Nashukuru Mungu, kilima nyuma ya nyumba sasa ni safi. Naandika kwa ndugu wanaoishi Arizona, msije mkahangaika kama mimi.

Mashina makavu ya nyasi hiyo, ya rangi ya majani-makavu, yalisambaa kati ya mawe, upande wa kusini unaopigwa jua, hadi chini ya saguaro, ile mikakati mikubwa ya jangwa la huku. Nilifyeka, yakaota. Nikapiga dawa ya kuua magugu mwezi wa tano, haikufanya kitu. Picha nazo zilinichanganya, kwani nyasi ya mapambo yenye mkia mrefu wa zambarau inafanana nayo.

Kilichonitoa gizani ni vidole. Shika suke, livute ili mbegu zote zenye vinywele zipukutike, kisha pitisha kidole kwenye uti uliobaki. Uti wa hii unakwaruza kama msasa! Ni bafeli, Cenchrus ciliaris, iliyoletwa huku kutoka Afrika kuwa malisho ya ng'ombe. Kwetu ni chakula cha mifugo. Huku inapeleka moto hadi kwenye saguaro, na saguaro haistahimili moto.

Nikasubiri mvua za Julai, udongo ukalainika. Nikachimba kwa mtaimbo, nikang'oa kila shina pamoja na kitako chake, maana hapo ndipo inapochipua. Masuke niliyatia kwenye mifuko kwanza, mbegu zisidondoke. Dawa nayo inataka jani bichi. Ile ya mwezi wa tano niliipigia majani makavu.

Miche midogo huota tena. Napita kila baada ya mvua.